Sababu ya Mvinje

Sada, binti wa marehemu shemeji yangu Maftaha, ameniruhusu niandike habari hii kwa sharti moja: niutaje mvinje tu, na lile jambo la pili niliache pale alipoliacha baba yake. Nimekubali. Sina haki ya kukataa, na nitakapofika mwisho mtaona ni kwa nini.

Mimi naitwa Bashiru. Kwetu ni Nyangamara, bara, kwenye mikorosho. Kisiwani Tungu nililetwa na ndoa. Nilimwoa Hafsa, dada yake Maftaha, na huu ni mwaka wa ishirini na sita nauza sukari na viberiti mahali ambapo kila mtoto wa miaka mitano anaogelea na mimi sijui. Watu wa Tungu wamenitania kwa hilo tangu siku ya harusi, nami sikukubali kulala na deni la utani, maana mtu wa bara akinyamaza pwani ataliwa mzima mzima. Ulimi wangu ndio niliokuwa nikiogelea nao. Wazee walisema ulimi hauna mfupa, na mimi nilidhani wanawasema wengine.

Maftaha alikuwa kinyume changu. Alikuwa mpiga mbizi, mfupi, kifua kipana, na sikio la kushoto lilikuwa limeharibiwa na maji, kwa hiyo ukitaka kuzungumza naye ilikubidi usimame kulia kwake. Ujanani alizamia majongoo ya bahari na makombe, yakachukuliwa na wafanyabiashara wa Kilwa Masoko. Majongoo yalipoadimika akabaki na kamba koche na pweza. Alizama kwa pumzi yake, bila mtungi wa hewa, hadi uzee wake. Kwenye msiba alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na katikati hapo hukusikia neno kutoka kwake zaidi ya Fatiha.

Alikuwa na mwamba. Nasema alikuwa nao, ingawa bahari haina hati. Mbali kidogo na kisiwa, kule ambako maji yanageuka rangi, kuna jiwe chini ya maji lisilozidi viwanja viwili vya nyumba. Pembeni mwake ni kina kitupu. Ukilikosa kwa urefu wa kamba moja, utazama na kuibuka bila kuona kitu ila buluu. Ndani yake kuna pango, na ndani ya pango, alinisimulia, kulikuwa na samaki chewa watatu, mkubwa wao kama gunia la korosho. Hao hakuwagusa maisha yake yote, wala baba yake hakuwagusa. Alichukua kamba wa pembezoni, akaondoka. Nanga aliitupa kwenye mchanga kando, kisha akaogelea kwenda jiweni, ili chuma kisivunje matumbawe.

Alilipataje jiwe dogo namna ile katika bahari yote hiyo? Hapa ndipo ilipo desturi ya Tungu. Watu hawa hawaiandiki bahari popote, wanaisoma kutoka nchi kavu. Unatazama kisiwani: kitu fulani kikikaa sawasawa mbele ya kitu kingine, uko kwenye njia. Kisha unatazama upande wa pili: kitu cha pili kikikutana na mwenzake, umefika. Hizo ndizo alama. Alama moja ni njia, alama mbili ndiyo nyumba.

Na alama ni siri ya damu. Mzazi humtamkia mtoto mara moja tu, wakiwa juu ya mwamba wenyewe, na mtoto huzirudia mara tatu akitazama nchi. Kama chomboni yumo asiye wa damu, huziba masikio. Nchi kavu hazitamkwi kabisa, si msikitini, si kitandani. Mke wa Maftaha ameishi naye miaka thelathini bila kuzijua. Nilikuwa nikimwambia, "Shemeji, ukifa nazo hizo, kaburi lako tutalichimba baharini?" Alitabasamu tu.

Mtoto alikuwa mmoja, Sada. Alimfundisha mbizi tangu ana miaka saba, wanawake wa mtaani wakisema anamharibu binti. Sharti alilompa lilikuwa hili: siku atakayoweza kushuka hadi kina cha lile pango, akakaa, akapanda na pumzi imebaki, atapewa alama. Alipofika miaka ishirini na mbili aliweza. Maftaha akasema, "Kusi likipita, bahari ikitulia, tutakwenda." Sada aliniambia dukani huku akishindwa kuficha meno. Nilimpa soda ya bure.

Mambo mengine yalikuwa yameanza zamani kidogo, na yalianzia nyumbani kwangu. Mgeni wetu wa kwanza wa mbizi alikuwa Lukas, Mjerumani mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni. Misimu mitatu alilala chumba changu cha uani. Wakati ule wageni waliofika Tungu kwa mwaka hawakuzidi watano, na walikuja na mitungi yao kwa boti kutoka Masoko. Lukas alipenda ule ukimya. Alikuwa akikaa barazani kwangu akisema, "Bwana Bashiru, naogopa. Nimeona visiwa vingine vimeharibika. Watu wakija wengi, hapa patakwisha." Aliyasema kwa uchungu wa kweli. Nami nilimjibu kwamba kila anayeingia huomba mlango ufungwe, yeye akiwa ameshakaa mkekani. Alicheka, lakini uso ulimbadilika.

Maftaha alimpenda kwa sababu alijua kunyamaza. Mwaka wa tatu akaamua kumwonyesha mwamba. Hakumwonyesha hovyo. Alimkalisha mgongo kwa nchi, akakizungusha chombo, akaenda kusini kabla ya kurudi kaskazini, akapita njia ambayo hata mvuvi wa Tungu angepotea. Jioni tulicheka, mimi na yeye. Nikasema tumemfunga Mzungu kitambaa bila kitambaa. Hakuna kati yetu aliyeitilia maanani ile saa ya mkononi mwake, nene kama kiberiti. Kumbe saa ilikuwa inaandika njia.

Sisemi kwamba Lukas aliiba. Najua tabia yake. Aliporudi kwao aliwaambia marafiki wawili anaowapenda, akawasihi wasiseme. Wale wawili nao walikuwa na marafiki wanaowapenda. Miaka miwili baadaye zikaja boti mbili, kisha nne, kisha ikaja kampuni kuomba ardhi ya Rasini, kwenye ncha ya kisiwa, ijenge hoteli ya wapiga mbizi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika uwanja wa shule, Jumamosi baada ya adhuhuri, kusi likitupulizia vumbi machoni. Msimamizi wa kampuni alikuwa Genoveva, mama wa miaka arobaini hivi, mwenyeji wa Songea, mtu wa adabu. Mimi nilikuwa upande wake waziwazi. Vijana walitaka kazi, duka langu lilitaka wateja, na Rasini palikuwa vichaka na ule mvinje mkubwa tu, uliopinda kidogo kuelekea baharini. Genoveva alieleza vizuri: makaburi hayataguswa, njia ya kwenda pwani itabaki ya kijiji. Kisha akasema, "Na ule mvinje utaondolewa, maana unaziba bahari kwenye vyumba. Kuna mwenye neno?"

Maftaha akasimama. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akisimama mkutanoni.

"Mvinje usikatwe," alisema.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa sababu gani, Maftaha?"

"Usikatwe tu."

Genoveva akamsogelea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, mimi sina ugomvi na mti. Nipe sababu tu, nitawaandikia wenzangu na mchoro utabadilishwa. Ni kaburi? Uliupanda wewe? Kuna dawa?"

Maftaha hakujibu. Nilimwona midomo ikitikisika. Pale uwanjani tulikuwa watu zaidi ya sitini, nusu yao wavuvi, na wawili kati yao watu wa nyavu waliokuwa wakiutafuta ule mwamba kwa miaka. Angeweza kudanganya, akasema kuna mzimu, na mti ungepona siku ile ile. Lakini Maftaha hakuwa mtu wa kusema uongo saa moja kabla ya alasiri. Akabaki amesimama, mikono imening'inia, na ukimya ukawa mrefu hadi ukaudhi.

Ndipo mimi, fundi wa maneno, nikapaza sauti: "Mwacheni shemeji yangu! Ana mke wa kijini juu ya ule mvinje, anaona haya kumtaja mbele ya mama Sada!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Genoveva aliziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti, akipangusa machozi, akasema basi, wanaokubali mchoro ulivyo wanyooshe mikono. Nilinyoosha wangu. Maftaha akaketi chini, kwenye lile vumbi, taratibu, kama mtu anayeketi matangani.

Jioni ile alikuja dukani akanunua robo ya sukari kama kawaida. Hakunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Nilijisifu moyoni kwamba shemeji anajua utani.

Walikuja na msumeno wa mashine Jumatano iliyofuata. Kusi lilikuwa bado kali na hakuna chombo kidogo kilichoweza kwenda kule nje, na alama, nimeshasema, hazitamkwi nchi kavu. Nilisikia mti ukianguka nikiwa dukani. Mtu aliyekulia kwenye mikorosho anaujua mlio ule, na kwa mazoea tu ya mkulima nilikwenda kuutazama. Matawi yalikuwa yamelala mchangani yamejaa vijitunda vyenye mbegu. Nikaokota viganja viwili, nikavitia mfukoni. Sikuwa na nia yoyote.

Bahari ilitulia baada ya miezi minne. Maftaha akaja. "Shemeji, kesho twende pamoja. Nahitaji mtu wa kushika kamba ya chombo."

Nilishangaa, kwa maana miaka ishirini hajaniita baharini. Tulitoka asubuhi, yeye, Sada na mimi niliyeshikilia ubao kwa mikono yote miwili. Tukafika kwenye maji yanayogeuka rangi. Maftaha akatazama upande mmoja wa nchi, akaridhika. Akageuka upande wa pili, kule Rasini, akatazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na mapaa ya makuti manane yanayofanana.

Alizama. Alipoibuka alisema, "Mchanga." Tukasogea. Akazama tena, akasema, "Hakuna kitu." Sada naye akaingia. Walipokezana hivyo hadi jua likawa la utosi, na mimi nilihesabu mara kumi na moja kabla ya kuona damu ikichuruzika kwenye sikio lake zima, lile la kulia. Sada akamwambia, "Baba, inatosha." Hakumsikia, au hakutaka. Njia alikuwa nayo. Nyumba ndiyo haikuwepo.

Ndipo boti ya hoteli ikaja. Nahodha wake, kijana wa Kilangala ambaye babu zake wote ni wakulima kama wangu, alikuwa ameinamia kijimashine kilicho mbele yake na hakuinua uso kutazama nchi hata mara moja. Akasimamisha boti umbali kama wa kutoka dukani kwangu hadi msikitini. Akatupa nanga. Wageni kumi na wawili wakaangukia majini kinyumenyume, mmoja baada ya mwingine, na mitungi yao.

"Ni pale," alisema Maftaha.

Mtu ameishi na mwamba miaka hamsini, na baba yake kabla yake, na leo anaonyeshwa ulipo na wageni. Sada akachukua kasia tukasogea taratibu hadi karibu yao. Mgeni mmoja aliyebaki juu alitupungia mkono. Tukampungia.

Maftaha akamgeuza Sada kwa mabega atazame nchi. Nilielewa, nikapandisha viganja masikioni.

"Usizibe, Shemeji," alisema. "Leo sikia."

Akatamka. Neno la kwanza lilikuwa mvinje.

Nilisikia lile neno na papo hapo nikausikia uwanja wa shule ukicheka, na sauti yangu ikiwa juu ya zote. Yule mtu alisimama mbele ya watu sitini na jibu mdomoni, na kulitoa kulikuwa ni kugawa urithi wa mwanawe. Alichohitaji ni mtu mmoja wa kusema, "Mwacheni, ana sababu yake." Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi, mume wa dada yake, tena mtu wa miti. Mimi ndiye niliyeukata, na sikutumia msumeno.

Sada alirudia mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili sauti ilimkatika. Mara ya tatu akasema, "Pale ulipokuwa mvinje..."

"Hapana," Maftaha alimkatiza. "Sema mvinje. Rudia kama ulivyopewa."

Akasema mvinje, akitazama yale mapaa, akamaliza. Nililia bila aibu. Wakati wa kurudi nilimuuliza kwa nini hakunivuta kando siku ile akaninong'oneza. Ilibidi nikae kulia kwake na nipaze sauti, na hata hivyo nilirudia mara mbili. Akanijibu, "Nchi kavu, Shemeji?"

Hakurudi tena kwenye ule mwamba. Sikio lilimsumbua, kisha kifua, na mwaka jana, mwezi wa Mfungo Sita, tulimzika. Nilikuwa miongoni mwa walioshuka kaburini kumpokea. Sada sasa anafanya kazi hotelini, anawaongoza wageni chini ya maji, na simlaumu, kazi ni kazi. Anawasihi manahodha watupe nanga mchangani, baadhi wanamsikia. Chewa katika pango amebaki mmoja, tena mdogo. Siku moja aliniambia, "Mjomba, mashine inanifikisha kila siku. Ila ikizima, na mimi ni mgeni kama wao."

Zile mbegu nilizipanda siku ile ile tuliyotoka baharini, nyuma ya duka, kwenye makopo. Ikaota miche saba.

Mwezi wa pili mwaka huu Genoveva alikuja dukani. "Mzee Bashiru, shikamoo. Nasikia wewe ni fundi wa miche. Wageni wangu wanaungua na jua, Rasini hakuna kivuli hata cha kuku."

Nilimeza maneno mengi. Nikapakia miche kwenye toroli, nikaenda. Sita niliipanda alipotaka yeye. Wa saba nilikwenda nao hadi kwenye kisiki, kile kisiki chenyewe, nikaanza kuchimba mguuni pake.

"Hapo hapana, Mzee," alisema. "Patatuzibia bahari tena. Sogeza hatua tatu tu, upande wa jikoni."

"Ni hapa hapa, mama."

"Kwa nini hapa hapa?"

Nikafungua mdomo. Mimi, Bashiru, ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe. Sababu ilikuwa juu ya ulimi wangu, na haikuwa yangu. Niliambiwa niisikie, sikuambiwa niitoe. Watumishi wakasimama kutazama.

"Nipe sababu tu," alisema, kwa upole ule ule.

Nikaketi kwenye kisiki. Yeye akanitazama kwa muda, na nadhani akakumbuka, kwa maana alisema polepole, "Hata yule mzee alikaa hivi hivi." Safari hii hakuna aliyecheka. Akaniambia niurudishe mche nyumbani, na nikiipata sababu nije nao.

Nilimweleza Sada. Wiki tatu zikapita. Ijumaa iliyopita alikuja dukani, akasimama mlangoni, akasema, "Andika, Mjomba. Nusu yake."

Basi, mama Genoveva, sababu ndiyo hiyo. Mche uko uani kwangu, kwenye kopo la rangi, umefika kiunoni na mizizi imeanza kutoboa chini. Hatua tatu hazifai.